Kipara Nyuma ya Sikio Lako

Abaayo Dahabo,

Kuna watu wanaosema mimi ndiye niliyekuua.

Hawanisemi usoni. Wanasema sokoni, kwenye mstari wa wauza maziwa ya ngamia ulipokuwa ukikaa wewe, kisha maneno yanapanda malori ya mifugo na kufika mpaka Griftu kwa ndugu zako. Wanasema mke mdogo alimpeleka mke mkubwa kwa daktari, daktari akamkata kichwa, na kile kisu kikauamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Kwa muda mrefu sikumjibu mtu. Leo nataka kuyasema yote, na nimeona nianze na wewe, maana wewe ulikuwepo.

Najua hukusoma, na Kiswahili ulikijua kwa masikio tu. Ulijifunza kwa sababu yangu, kwa kuwa mimi mtu wa mtoni niliingia nyumba hii bila neno la Kisomali zaidi ya salamu. Kwa hiyo naandika, karatasi juu ya cherehani yangu, huku nikisoma kwa sauti ya chini. Nyumba imetulia. Watu wamelala baada ya adhuhuri, jua la Garissa limewafungia wote ndani. Binti yako Hodan akipita hapa atadhani nimeanza kuzungumza na cherehani.

Unakumbuka nilivyokuja? Mohamud alinioa ukiwa umeshakaa kwake miaka mingi. Ulinionyesha chumba cha nyuma kwa kidole, ukaondoka. Hatukusalimiana mpaka mwezi ukaandama tena. Dangalo, ndivyo mlivyoniita, na hata kabla sijaambiwa kwamba maana yake ni mke mwenza, nilisikia kwenye neno lenyewe kuwa si jina la mtu anayepikiwa chai. Halafu ukaanguka homa. Mohamud alikuwa Elwak kununua mbuzi, Hodan yuko shule ya bweni, na wewe umelala na nywele zimeshikana kwa jasho. Niliingia bila kuomba ruhusa. Nikakaa nyuma yako, nikazifumua, nikazipaka mafuta ya simsim, nikazisuka. Ukajigusa kichwa taratibu, ukasema, kwa ile Zubeda yako isiyo na z, "Subeda, mkono yako iko mwepesi."

Basi. Hivyo tu. Tangu siku hiyo nikakuita abaayo, dada, na kila Alhamisi baada ya alasiri kichwa chako kilikuwa changu. Hatukuacha kugombana, tuligombania sukari kwenye chai, tukagombania nani amwambie Mohamud kwamba paa linavuja. Lakini Alhamisi ilikuwa Alhamisi.

Na ilikuwa Alhamisi vidole vyangu vilipoteleza nyuma ya sikio lako la kushoto.

Palikuwa na kipara, kidogo tu, mviringo kama kitufe cha koti. Nikakwambia, ukacheka, ukasema umezeeka. Nikapainamia. Mimi nimelea wadogo zangu mtoni, choa nakijua: kina magamba, kinawasha, na nywele zake hukatikakatika zikabaki vishina. Hapa hapakuwa na gamba wala kishina. Ngozi ilikuwa laini, inang'aa kidogo, ina weusi uliozidi kuliko pembeni. Nilipobonyeza, chini yake palikuwa pagumu, kama mtu ameshona kipande cha ngozi ya kiatu ndani ya kichwa chako. "Inauma?" nikauliza. Haikuuma. Haikuwasha. Ungekuwa umelia ningepumua.

Duka la dawa walitupa krimu ya choa. Hatuwalaumu, hata wewe hukuwalaumu. Tulieleza kipara wakatupa dawa ya kipara. Ulipaka ukapaka. Kipara kikaongezeka, kikajipatia mwenzake karibu na utosi. Hapo ndipo niliposema tunakwenda hospitali, na wewe ukasema, "Hosbitali kwa sababu ya nywele? Watu watacheka sisi." Nikasema wacheke. Ulikataa wiki hiyo na wiki iliyofuata. Mwishowe nilikataa kukusuka. Hicho ndicho kilichokutoa nyumbani, abaayo, hasira za nywele.

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke, Alhamdulillah, la sivyo hata mlangoni usingefika. Mama wa makamo, ana sauti ya upole na mikono baridi. Alikigusa kile kipara kwa muda mrefu kuliko mimi. Akakuuliza kama una uvimbe wowote mahali pengine mwilini. Ukasema hapana. Akaomba akupime kifua na tumbo. Ukajifunga shuka vizuri zaidi, ukasema kichwa ndicho chenye shida, aangalie kichwa. Hakukulazimisha. Alisema, "Sawa, mama. Basi nikate kinyama kidogo hapa, tukipeleke kipimwe. Kichwa kitatuambia."

Hicho ndicho kisu wanachokisema. Nataka wajue kilikuwa kikubwa kiasi gani. Kilikuwa kikombe kidogo cha chuma chenye makali, mdomo wake kama wa kalamu ya wino. Walikuchoma sindano ya ganzi, wakakizungusha mara moja, kikatoka na kipande kama punje ya dengu. Uzi mmoja wakashona. Ulinishika mkono ukanibana mpaka kucha zikaniingia, na ulikuwa unasoma dua, na ulipomaliza ukauliza kama ndiyo hiyo tu.

Majibu yalipofika, daktari hakutuambia tukiwa mlangoni. Alituketisha. Akageuza kompyuta yake tuone picha ya kile kipande chako, kimepakwa rangi ya waridi na zambarau, kimekuzwa mara nyingi mno. Mimi nilidhani ni kitambaa cha kanga. Akaanza kutueleza kwa kidole. Huu mstari wa juu ni ngozi ya nje, akasema, hauna shida, ni mzima kabisa. Chini yake kuna utepe mwembamba ambao nao haujaguswa. Shida iko ndani zaidi. Hapa pangepaswa kuwa na mashina ya nywele, lakini yamebanwa na makovu, ndiyo sababu nywele zimekufa. Na hivi vitone vyeusi si vya hapa. Ngozi haikuvizaa. Vimekuja kutoka mahali pengine mwilini, vimepita kwenye mishipa, vimehamia.

Akasema jina. Saratani.

Wewe ulisogea karibu na ile kompyuta. Ulikuwa unaangalia vile vitone. Havikuwa vimejaa mahali pamoja kama jipu. Vilikuwa vimejipanga kimoja nyuma ya kingine, kimoja nyuma ya kingine, vikipenya katikati ya nyuzi za ngozi. Wewe mtoto wa wafugaji wa Takaba ulivitambua kabla yangu. Ulisema, "Hii ni ngamia inahama." Daktari akasema ndiyo, mama, hata sisi tunasema seli zimefuatana kwa mstari. Ukauliza, "Ngamia ya mbele iko wabi? Imetoka wabi?"

Daktari akasema, "Hicho ndicho tunachokitafuta. Tumezipaka dawa nyingine ya kutafuta zilikozaliwa. Zimeshika rangi ya kahawia, kama seli za titi zinavyoshika. Lakini nilikuuliza, ukaniambia huna uvimbe."

Nje mtu alikuwa anaita majina ya wagonjwa. Halafu ukafungua pini ya mtandio, ukashusha shuka, ukafungua vifungo vya gauni mwenyewe, mbele yangu na mbele yake, wewe ambaye hata mimi sikuwahi kukuona bega. Ukasema, "Hii ndio boma yake."

Sitasahau. Titi la kushoto lilikuwa limejivuta juu, ngozi yake imekuwa na vishimovishimo kama ganda la chungwa, na juu yake makovu ya moto, madoa manne au matano, pale fundi wa kienyeji alipokuchoma kwa kijiti chenye makaa ulipokwenda kwenu Takaba kuzika mama yako. Na pembeni ya makovu vinundu, vidogo, vigumu, rangi ya ngozi yako tu. Daktari alivigusa kimoja kimoja. Alisema hivi navyo ni ngamia walewale, na kwamba kwa ngozi nyeusi kama yetu wekundu hauonekani vizuri, ndiyo maana watu huviona kama chunusi au majipu madogo na kuviacha. Akasema mara nyingine kinundu kama hiki ndicho cha kwanza kusema kwamba ndani kuna kansa, kabla mgonjwa mwenyewe hajasema. Alisema hivyo bila kukukaripia. Ukajifunga vifungo. Ukaniambia kwa Kisomali, polepole ili nielewe, kwamba ulidhani ni maziwa yaliyoganda tangu ulipomwachisha Hodan ziwa. Siku hiyo Hodan alikuwa na miaka kumi na tisa.

Nataka kusema jambo, na nalisema kwa sauti sasa. Ile picha ilikuwa ya kipande cha kwanza. Kabla ya kile kisu hakuna kisu kilichokugusa. Na ndani ya kile kipande cha kwanza ngamia walikuwa wameshapita. Walikuwa wameshafika kichwani, wamepiga kambi, wamefukuza nywele. Kisu hakikuwaleta. Kisu kiliwakuta.

Daktari hakutudanganya pia. Alisema ikishafika kwenye ngozi ni vigumu kuimaliza, lakini inaweza kucheleweshwa, na kwamba yako ina bahati moja: inakula homoni za kike, na kuna vidonge vya kuinyima chakula. Ukavimeza. Ukavimeza bila kukosa, hata Ramadhani ulivipanga kwenye futari. Na kwa muda vilifanya kazi, abaayo. Vipara vilinywea. Kwenye kile cha nyuma ya sikio vikaota vinyweleo laini kama vya mtoto mchanga, ukaniita kutoka jikoni nije nivione. Ulirudi sokoni na madumu yako. Mohamud, aliyekuwa haongei tangu tulipomwambia, alianza tena kukohoa anapoingia nyumbani na kuuliza nani ameficha viatu vyake.

Mwaka ule ulikuwa mzuri. Watu hawausimulii huo.

Halafu kifua kikaanza. Vile vinundu vikashikana, ngozi ikakakamaa kutoka kwapani mpaka upande wa pili, ngumu kama kibuyu, ikawa kama umevishwa fulana ya mbao. Ulisema, "Subeda, nguo imebana," na hukuwa na nguo. Kimoja kilipasuka kikawa kidonda. Tulijifunza kukiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, na nesi akatuonyesha kusaga vidonge vya kuondoa harufu na kuvinyunyiza juu yake. Ukawa unanituma nichome uunsi, ule ubani wenu, kabla mgeni hajaingia. Sikuwahi kuona harufu yako ikinishinda. Nilitaka nikuambie hivyo wakati ule na sikujua ningesemaje bila kukuumiza, kwa hiyo nilikuwa nakaa karibu tu. Nadhani ulijua.

Hapo katikati ndipo Ubah, mdogo wako, alikuja kutoka Griftu kukuona. Alikaa siku chache akarudi kwenye biashara yake ya chai mnadani. Mimi sikuona kitu. Wewe uliyekuwa huwezi hata kujigeuza ndiye uliyeona. Uliniambia baada ya yeye kuondoka, "Ubah anabeba mkono yake kama mimi nilibeba. Anaficha. Mimi najua hii kuficha." Ukaomba simu. Ukampigia. Nilikushikia simu sikioni na nikasikia sauti yake ikipanda, kisha ikakatika. Ukasema, "Subeda, wewe enda. Usitume mtu. Enda wewe."

Nilisema nitakwenda. Ukafunga macho, ukakunja uso kwa sababu pumzi ilikuwa haitoshi.

Ulikufa asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, kichwa chako kikiwa kwenye paja la Hodan. Ulipata dawa ya maumivu, ile ya maji, na hukuhangaika. Mohamud alikuwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Namshukuru Mungu kwa asubuhi ile, ingawa ndiyo iliyokuchukua.

Tulikuosha wanawake wanne. Eedo Kaltuma, shangazi yake Mohamud, ndiye aliyeongoza. Walipofungua shuka waliona kifua chako, na walipokuosha kichwa waliona kile kikovu kidogo cha uzi mmoja. Hakuna aliyesema lolote pale, maiti haisemewi. Lakini niliona Eedo Kaltuma akikigusa kile kikovu kwa kidole, halafu akaniangalia. Maneno yalizaliwa hapo. Kabla watu hawajamaliza kuja kuhani, yalikuwa yameshatoka nje ya ua.

Hodan aliacha kuniita Mama Zubeda. Alikuwa ananijibu, lakini hakuwa ananiita. Hilo liliniuma kuliko soko zima.

Sikulia juu ya hilo. Nilikuwa na safari.

Nilimwambia Mohamud nataka kwenda Griftu. Akasema Ubah ana mume wake, na mume wake ana wazee wake, na mimi ni nani kuingia huko na habari za matiti ya watu? Tena wakati huu, na haya yanayosemwa? Alikuwa na hoja. Nikamwambia, "Naomba ruhusa yako, baba Hodan, na ninaitaka kweli. Lakini nimemwahidi mtu ambaye siwezi kurudi kumwambia nimebadilisha mawazo." Akatoka. Nilianza kufunga begi nikidhani tumekosana. Nikamsikia uani anapiga simu, anaongea kwa sauti ile ya kuuzia ngamia, ili majirani wote wasikie: mke wangu anakuja kwenu, anakuja kwa neno la Dahabo, mpokeeni. Mara ya kwanza tangu uzikwe alitaja jina lako.

Griftu nilifika siku ya mnada. Vumbi, ngamia, wanaume wanashikana mikono chini ya shuka kupatana bei. Ubah alikuwa nyuma ya birika zake. Aliniona, akaendelea kumimina. Nikasubiri mpaka wateja wakapungua, nikamsalimia kwa Kisomali changu, kile ulichokuwa ukikicheka kwa sababu zile sauti za kooni zinanishinda. Yeye hakucheka. Akanipeleka nyumbani, akafunga mlango, ndipo akasema. Alisema nisifikiri hajui. Kwamba dada yake alikuwa mzima, ana kipara tu, mpaka mimi nilipompeleka akakatwe. Kwamba kansa ikiguswa na chuma hukasirika. Kwamba sasa nyumba nzima ya Mohamud ni yangu, na bado nimekuja kumtafuta na yeye.

Aliyasema akiwa amesimama, mkono wake wa kulia umebana ubavuni. Uliona vizuri, Dahabo. Alikuwa anaubeba vilevile.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani kote, yakanipotea. Nikamwambia nilichokiona tu. Kile kisu kidogo, ile punje ya dengu, zile rangi, mstari wa ngamia ndani ya kipande ambacho chuma kilikuwa hakijawahi kukigusa. Nikamwambia ulivyofungua vifungo. Nikamwambia makovu ya moto na umri wake. Kisomali kikaniishia, nikamalizia kwa Kiswahili, naye anakisikia vizuri kwa sababu ya wateja. Akanikatiza, akasema hayo ni maneno yangu. Mimi naweza kusema chochote, dada yake hawezi kukanusha.

Nikasema, "Dahabo alikupigia simu ulipotoka kwetu. Alikuambia anaona unavyobeba mkono. Ukamwambia ashughulike na kifo chake akuache na uhai wako, ukakata."

Nilijua maneno hayo kwa sababu simu ilikuwa mkononi mwangu. Hakuna mwingine duniani aliyeyajua. Ubah alikaa chini palepale, kwenye sakafu. Alifunika uso kwa mtandio na mabega yakaanza kumtikisika. Sikumgusa. Niliogopa kuharibu. Akauliza, mtandio bado uko usoni, kama ulikufa umemkasirikia.

Nikamwambia neno lako la mwisho kuhusu yeye lilikuwa "enda."

Asubuhi alikuja mwenyewe chumba nilicholala, amevaa, mumewe nyuma yake ameshika begi. Akasema, "Twende kabla sijapata akili."

Sasa nikupe habari unayoingojea. Ubah ana kansa. Ilikuwa kwenye titi, upande wa kulia, na ilikuwa imeanza kuingia kwapani. Yule yule daktari wako wa ngozi alimpima kwanza, kichwa, shingo, mgongo, kifua, tumbo, kitovu, kila mahali ngozi ilipo, na Ubah akavumilia. Kisha akamkabidhi kwa madaktari wa upasuaji. Wamelitoa titi. Majibu yalisema ngozi haijaguswa. Nilimwomba daktari arudie, akarudia: ngozi yake ni safi. Hawajasema amepona. Wamesema kuna dawa za kuingizwa kwa mshipa, ni ndefu na zitamchosha, na kwamba kuna sababu nzuri ya kuzianza. Ameanza. Analala chumba chako. Anatapika, anakasirika, anasema chai yangu ni maji ya kuoshea vyombo. Mume wake anapiga simu kutoka Griftu kila jioni, hana la kusema, anauliza hali ya hewa.

Na Hodan. Siku ya kumpokea Ubah kliniki, nesi alitaka kujua kama kuna mtu mwingine kwenye ukoo aliyepata ugonjwa huu. Mimi nilikuwa nafungua mdomo. Hodan, aliyekuja kutusaidia na Kiingereza cha madaktari, akajibu kabla yangu. Alisema, "Mama yangu. Saratani ya titi, ilifika kwenye ngozi ya kichwa na kifua. Huyu mama yangu mwingine ndiye aliyeigundua." Alisema bila kushusha sauti, na kulikuwa na watu kwenye benchi wanaotujua. Halafu akamwomba nesi amwonyeshe jinsi ya kujipima. Amejifunza. Nilisimama pembeni nikaangalia tangazo la chanjo ukutani mpaka macho yangu yakatulia.

Nilidhani ningeishia hapo. Lakini leo asubuhi alikuja Eedo Kaltuma.

Aliketi, akakataa chai, akauliza hali ya Ubah, akauliza bei ya kitambaa cha gauni la diraki. Aliuliza kila kitu. Kuhusu yale maneno ya sokoni hakusema, na nilijua hatasema mpaka anakufa. Kisha akainuka, nikadhani anaondoka, kumbe amekwenda kurudishia mlango. Akainua mkono. Akaniambia niangalie kwapani, hapa, kuna kitu kama punje, hakiumi, kina miezi sasa, na mimi si ndiye mwenye macho ya vitu hivyo.

Niliangalia. Nikagusa. Sijui ni nini, Dahabo. Huenda ni jipu lililokauka, huenda ni kitu kisicho na jina kubwa. Kukijua si kazi yangu, kuna wanaokijua. Na nikuambie ukweli, kwa nukta moja nilitaka kumwambia aende kwa wale aliokuwa akizungumza nao sokoni. Nilimwona alivyosimama, bibi mzee, mkono juu, mtandio umeteleza, ananiogopa. Nikamshusha mkono. Nikamwambia, "Eedo, kesho asubuhi. Mimi na wewe." Akasema, "Na wakitaka kukata?" Nikasema watakata punje ya dengu, na mimi nitakushika mkono.

Basi abaayo, ngoja nikuache upumzike, na mimi nikamtazame Ubah kama ameamka. Mola akupokee kama mgeni aliyengojewa kwa siku nyingi. Nakuahidi hivi: wakiendelea kusema nilikuua, waseme; sitapoteza siku kuwafuata mdomoni. Siku zangu nitazitumia kwenye lile benchi la hospitali, na kila mwanamke wa watu wako atakayekubali kukaa pale atanikuta nimeshafika.

Kwaheri, dada yangu.

Zubeda